Msamaha wa kodi ya dawa za macho umfikie mgonjwa

Kabla jua halijachomoza juu ya Ziwa Victoria, mwalo wa Kirumba huwa umekwisha amka. Mitumbwi kutoka Ukerewe, Kome na visiwa vingine huteremsha dagaa, wapagazi hupanga magunia, akina mama huchambua na kupembua, na wachuuzi waliotoka mbali hupima kwa macho kabla ya kupima kwa mizani. Hakuna kazi hata moja mahali hapo inayofanywa bila jicho. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku, akiutazama mwanga wa taa juu ya maji. Fundi nyavu hushona matundu yasiyopitisha hata kidole. Mama anayeanika dagaa hukaa juani tangu asubuhi hadi magharibi. Mtu wa Kirumba akipoteza macho hupoteza kazi yake, na nyumba yake hupoteza chakula.

Kwa sababu hiyo, kodi ya dawa za macho si suala la wahasibu peke yao. Ni suala la ugali wa watu. Taifa lilikwisha amua zamani kwamba dawa zisitozwe kodi kama zinavyotozwa bidhaa nyingine, na uamuzi huo ulikuwa wa haki. Lakini kuamua ni jambo moja, na kuhakikisha kwamba uamuzi umemfikia aliyekusudiwa ni jambo jingine. Kila shilingi ya kodi ambayo Hazina inaacha kuipokea ni mali ya umma iliyotolewa kwa kusudi maalumu. Umma una haki ya kuuliza: shilingi hiyo imekwenda wapi? Imefika katika jicho la mgonjwa, au imeishia mfukoni mwa mtu njiani?

Historia ya jambo hili yafaa ikumbukwe. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mauzo ya mwaka 1976, kodi ilitozwa kiwandani au bandarini, ikajificha ndani ya bei, na mnunuzi wa mwisho hakuiona. Tarehe 1 Julai 1998 ikaja Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo sasa kila mtu anaijua kwa jina la VAT, kwa kiwango cha asilimia 20. Mwaka 2009 kiwango hicho kilipunguzwa hadi asilimia 18. Ikaja tena sheria mpya ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2015. Sheria hiyo ilipunguza misamaha mingi, lakini dawa zilibaki katika jedwali la vitu vilivyosamehewa. Miongoni mwa dawa hizo zimo matone ya kuua vijidudu vya macho, malhamu ya tetrasaiklini anayopakwa mtoto mwenye vikope, na timololi inayopunguza presha ya jicho.

Mtu akilisoma jedwali hilo hudhani kwamba kazi imekwisha. Hapa ndipo wengi hupotea njia, hata baadhi ya wasomi. Hudhani kwamba kitu kilichosamehewa kodi hakina kodi ndani yake. Sivyo. Utaratibu wa VAT una pande mbili. Mfanyabiashara wa kawaida huikusanya kodi kutoka kwa wanunuzi wake, na yeye mwenyewe huilipa anaponunua mahitaji ya biashara yake. Mwisho wa mwezi hutoa ile aliyoilipa katika ile aliyoikusanya, kisha hupeleka serikalini tofauti iliyobaki. Lakini anayeuza vitu vilivyosamehewa hakusanyi kodi kwa mnunuzi, na kwa hiyo hana mahali pa kuidai ile aliyokwisha kuilipa. Kodi hiyo humganda. Naye, kama ilivyo desturi ya biashara popote duniani, huibandua na kuibandika juu ya bei ya dawa.

Chukua mfano wa duka lo lote la dawa linaloweza kufunguliwa Kirumba. Yapo matone ya macho, kama vile latanoprosti, ambayo kabla ya kufunguliwa huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Katika mji wa joto maana yake ni jokofu. Jokofu linataka umeme. Na umeme unatozwa VAT. Jokofu lenyewe lilinunuliwa pamoja na VAT. Vivyo hivyo rafu, mifuko, matengenezo ya duka na mengineyo. Tuseme duka hilo linatumia kwa mwaka shilingi 5,000,000 kwa mahitaji ya namna hiyo kabla ya kodi. Kwa kiwango cha asilimia 18, kodi yake ni shilingi 900,000. Fedha hizo hazirudi. Lazima zitafutwe mahali, na mahali pake ni katika chupa, malhamu na vidonge vinavyouzwa dukani humo. Kodi iliyotolewa kwa mlango wa mbele imerudi kwa mlango wa uani, na mgonjwa anayeambiwa kwamba dawa yake haina kodi amekwisha kuilipa bila kuonyeshwa risiti yake.

Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya tatizo. Sehemu ya pili ni kwamba sheria ya kodi inamwondolea muuzaji wajibu wa kutoza, lakini haisemi lo lote juu ya bei. Muuzaji mwaminifu atapunguza kadiri awezavyo. Mlanguzi atauliza kwanza bei ya duka la jirani, aone mgonjwa amebanwa kiasi gani, kisha apandishe. Wote wawili, mwaminifu na mlanguzi, wanapata msamaha ule ule. Sheria inayomtunza mwema na mwovu kwa kipimo kimoja haiwezi kusemekana kwamba imemaliza kazi yake.

Pengine yuko atakayesema kwamba haya ni mambo madogo, kwamba tofauti ya shilingi mia chache katika chupa ya dawa haimwui mtu. Asemaye hivyo hajaujua ugonjwa wa presha ya macho, ambao madaktari huuita glakoma. Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi mwanzoni. Presha iliyozidi ndani ya jicho huuharibu polepole mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Uoni huanza kuliwa pembeni, na mtu hujikwaa kwenye vizingiti akidhani ni uzee. Anapokuja kutambua, sehemu kubwa imekwisha. Kilichopotea hakirudi, si kwa dawa, si kwa upasuaji, si kwa miwani. Hapo ndipo unapotofautiana na mtoto wa jicho, ugonjwa ambao upasuaji huweza kumrudishia mgonjwa nuru yake. Kwa mwenye glakoma, kazi ya dawa ni kulinda kilichosalia, na ulinzi huo hauna likizo.

Mgonjwa anayetia timololi tone moja katika kila jicho, mara mbili kwa siku, humaliza chupa ya mililita 5 kwa muda wa kama mwezi mmoja. Ni chupa 12 kwa mwaka, chupa 120 kwa miaka 10. Mwenye pumu hawezi kupewa timololi, kwa kuwa huweza kumbana kifua. Huyo hutafutiwa dawa nyingine, ambayo aghalabu ni ghali zaidi. Shilingi mia chache zikizidishwa kwa miezi ya maisha yote si mia chache tena. Ni ada ya mtoto shuleni. Ni bei ya wavu.

Sasa jambo hili lipimwe kwa maisha ya mwaloni. Uvuvi wa dagaa hufuata giza. Mbalamwezi inapokuwa kubwa, mwanga wa taa hauvuti dagaa kama inavyotakiwa, na mitumbwi mingi hukaa nchi kavu. Wavuvi, wachambuaji na wapagazi wana fedha siku za giza, na siku za mbalamwezi wanaishi kwa mkopo. Lakini presha ya jicho haijui mwezi mchanga wala mwezi mpevu. Mgonjwa anayenunua dawa siku za giza na kuiacha siku za mbalamwezi hupoteza uoni kila anapoiacha, na giza linalofuata hapo ni lake peke yake. Ndiyo maana bei ya dawa ya macho haiwezi kuhesabiwa kama bei ya sabuni. Sabuni ikipanda, mtu huoga kwa kidogo. Matone yakipanda, mtu huruka siku, na kila siku aliyoruka inakatwa katika siku atakazoona.

Mwanza ni makao ya Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, na ya Hospitali ya Mkoa ya Sekou Toure. Wagonjwa huletwa mjini humo kutoka visiwani na mikoa ya jirani. Lakini uchunguzi ni wa siku moja, dawa ni ya maisha. Mwaka 1993 nchi ilianza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za umma, na pamoja nao ukawekwa msamaha kwa makundi yasiyo na uwezo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo ikatilia mkazo haki ya mzee kutibiwa. Mzee anayepokewa hospitali yo yote nchini, akapimwa na kuandikiwa dawa, kisha akaambiwa dirishani kwamba dawa hiyo haipo na akanunue nje, amefika mwisho wa msamaha wa kwanza. Pale barabarani, kati ya dirisha la hospitali na kaunta ya duka, ndipo msamaha wa pili, yaani msamaha wa kodi, unapotakiwa kumpokea. Je, unampokea? Au mzee huyo anaachwa katikati ya misamaha miwili, mikono mitupu na macho yanayofifia?

Anayeachwa hivyo hakai bure. Hutafuta njia. Uchunguzi uliofanywa katika Hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba karibu robo ya wagonjwa waliolazwa kwa vidonda vya kioo cha jicho walikuwa wametumia dawa za kienyeji machoni. Miaka 30 baadaye, Januari 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam na mikoa mingine, Wizara ya Afya ililazimika kuwaonya wananchi wasitie machoni vitu ambavyo si dawa ya macho. Watu hawa wasidharauliwe. Sababu zao ni nyingi, na ujinga ni mojawapo. Lakini mahali ambapo dawa ya kweli iko mbali au ni ghali, majani na maji ya ajabu yako karibu na ni ya bure. Ujinga, maradhi na umaskini, maadui watatu waliotajwa tangu Uhuru, hawapigani na mwananchi mmoja mmoja. Humjia wote watatu kwa pamoja, na jicho ni mahali padogo sana pa kuwahimili.

Msamaha huo una maadui wa aina mbili, na wote wawili hawana budi kujibiwa.

Wa kwanza ni wale wanaodai kwamba kila msamaha ni tundu katika mfuko wa Serikali, na kwamba taifa linalotaka barabara, shule na zahanati halina budi kuyaziba matundu yote. Hoja hii ina sauti ya uzalendo, lakini haijakamilisha hesabu. Mtu mzima akipofuka katika nyumba maskini, hapungui yeye peke yake katika nguvu kazi. Mara nyingi mtoto huachishwa shule ili ashike ncha ya fimbo na kumwongoza mzazi. Wawili wametoka katika uzalishaji kwa sababu ya chupa za matone. Hazina iliyokusanya kodi ndogo katika chupa hizo imepoteza kodi ya dagaa ambao hawakuvuliwa, na ya miaka ya kazi ambayo mtoto huyo angeifanya kama angesoma. Anayeziba tundu la sindano huku gunia limepasuka hawezi kuitwa mhifadhi wa mali ya umma.

Aina ya pili ni wale wanaosema: kwa kuwa wafanyabiashara hawapunguzi bei, msamaha ufutwe. Hawa wana mfano wa kweli mkononi. Mwezi Juni 2018, Waziri wa Fedha na Mipango wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alipendekeza Bungeni taulo za kike zisamehewe VAT, na zikasamehewa. Mwezi Juni 2019, mwaka mmoja tu baadaye, Waziri yule yule alipendekeza msamaha huo ufutwe, kwa maelezo kwamba wafanyabiashara hawakupunguza bei na walaji hawakunufaika. Ukafutwa.

Tukio hilo ni somo kubwa, lakini wengi wamelisoma kinyume. Nani aliyetenda kosa? Muuzaji aliyekataa kushusha bei. Nani aliyeadhibiwa? Msichana wa shule. Huo ni utaratibu wa kumpiga aliyeibiwa kwa sababu mwizi hakukamatwa. Tena, katika msamaha ule lilikuwamo lile gando lililokwisha elezwa: anayetengeneza bidhaa iliyosamehewa hawezi kudai kodi aliyoilipa kwa mahitaji yake. Hivyo hata mtengenezaji mwaminifu hakuachwa huru kushusha bei kwa asilimia 18 nzima, maana sehemu ya kodi ilikuwa bado imo. Bei haikuwekewa msimamizi, hesabu haikuwekwa wazi mbele ya umma, na baada ya miezi 12 ikaamuliwa kwamba dawa ya ugonjwa ni kumwua mgonjwa. Kosa hilo lisije likarudiwa katika dawa za macho.

Na ieleweke kwamba Serikali yenyewe imekwisha kuujua ukweli huu. Katika bajeti ile ile ya mwaka 2018, msamaha wa VAT ulipendekezwa pia kwa vifungashio vinavyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya viwanda vya dawa vya nchini. Kwa nini? Kwa sababu ilionekana kwamba kuisamehe dawa na kuitoza kodi chupa yake ni kutoa kwa mkono wa kulia na kuchukua kwa mkono wa kushoto. Mwaka 2023 nchi ilikwenda mbele zaidi: vitambaa na nguo zinazotengenezwa na viwanda vya ndani kwa pamba iliyolimwa nchini viliwekwa katika kiwango cha sifuri kwa mwaka mmoja. Kiwango cha sifuri si sawa na msamaha. Chini yake muuzaji hamtozi mnunuzi, na wakati huo huo anarudishiwa kodi aliyoilipa katika mahitaji yake. Hapo ndipo kodi inapotoka kweli kweli, mlango wa mbele na mlango wa uani. Mkulima wa pamba wa kanda ya Ziwa anastahili kusaidiwa, na hakuna anayebisha. Lakini kama kiwango cha sifuri kinaweza kupewa shati, kwa nini kisipewe jicho la mtu anayelivaa?

Kwa hiyo jambo la kwanza linalotakiwa ni orodha fupi. Si dawa zote za dunia, wala si kila kichupa chenye picha ya jicho. Wizara ya Afya inazijua dawa za macho zilizo muhimu: za kushusha presha ya jicho, za kuua vijidudu, malhamu ya watoto, na zile zinazohitajika kabla na baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Hizo ziwekwe katika kiwango cha sifuri. Orodha ikiwa fupi, Hazina haitapoteza kingi, na mkaguzi atajua anakagua nini.

Jambo la pili ni bei kuwekwa hadharani. Hapa tahadhari inahitajika. Taifa hili lina uzoefu wa kudhibiti bei kwa sheria. Sheria ya Udhibiti wa Bei ya mwaka 1973 ilileta Tume ya Bei, na nia yake ilikuwa njema. Lakini waliokuwa watu wazima miaka ile wanakumbuka pia jinsi bidhaa zilivyotoweka rafuni zikauzwa chini ya meza kwa bei ya magendo. Hakuna anayetaka matone ya macho yauzwe chini ya meza. Kinachotakiwa ni mwanga. Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, imekuwa ikitoa kitabu cha bei zake. Bei za dawa zile chache za macho ziandikwe kwa Kiswahili katika ubao, zibandikwe katika kila duka la dawa na kila zahanati, na kando yake muuzaji aandike bei yake mwenyewe. Mgonjwa asome zote mbili. Mlanguzi haogopi hotuba, huogopa ubao unaosomwa na watu wote.

Jambo la tatu ni hesabu. Kila mwaka Bunge hupokea bajeti na kuambiwa misamaha gani inaongezwa na ipi inaondolewa. Lipewe pia jibu la swali rahisi: katika dawa hizi za macho, taifa limeacha kiasi gani cha kodi, na bei ya chupa kwa mgonjwa wa Kirumba, wa Kongwa au wa Newala imeshuka kwa kiasi gani? Mashine za kielektroniki za risiti, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, zina uwezo wa kusaidia kupata jibu hilo. Ni ajabu kwamba mashine zinazoweza kumkamata mwuza soda asiyetoa risiti hazijatumiwa kumlinda anayetafuta dawa ya macho.

Jambo la nne ni ulinzi wa matumizi. Dawa kuwa nafuu kusifanywe kisingizio cha kuimwaga ovyo. Yapo matone yenye dawa za jamii ya steroidi ambayo huondoa wekundu na mwasho upesi, na kwa sababu hiyo watu huyapenda na wauzaji huyauza bila cheti. Yakitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi wa mganga, huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Mtu ameingia dukani kutafuta nafuu ya mwasho, ametoka amenunua upofu wa polepole. Msamaha wa kodi uende pamoja na cheti cha daktari na ukaguzi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ili fedha ya umma isigeuzwe kuwa sumu ya umma.

Kwamba dawa ya macho isiyo na kikwazo cha bei huweza kuwafikia watu, hilo halihitaji kubahatishwa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea azithromaisini ya bure dhidi ya vikope kupitia Mpango wa Kimataifa wa Trakoma, ulioasisiwa mwaka 1998, dawa ikitolewa na kampuni ya Pfizer. Dawa hiyo iligawiwa vijijini kwa jamii nzima, na badala ya mizani ilitumika fimbo ya kupimia urefu ili kujua dozi ya kila mtu. Lakini ukarimu wa kampuni ya ng'ambo hauwezi kuwa sera ya taifa. Unaweza kukoma siku yo yote, na haujawahi kufika katika chupa ya mgonjwa wa glakoma anayehitaji dawa mwezi baada ya mwezi. Kwa huyo hakuna fimbo ya kupimia. Ana sheria za nchi yake tu.

Katika vita hivi watumishi wa umma na walimu si watazamaji. Mtumishi aliyeko katika ofisi ya biashara ya manispaa anaweza kuuliza bei anapokagua leseni. Karani wa kodi anaweza kumweleza mwuza duka tofauti iliyopo kati ya msamaha na kiwango cha sifuri, na kupeleka juu malalamiko yake bila kuyakalia. Mganga wa zahanati anaweza kumwandikia mgonjwa jina halisi la dawa badala ya jina la kibiashara, ili asilipie sanduku la rangi. Mwalimu ndiye wa kwanza kumwona mtoto anayekikaribia ubao kila siku hatua moja zaidi, au anayefuta macho kwa mkono wa shati tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Yeye anaweza kumwita mzazi kabla mganga wa majani hajaitwa. Na wote hawa ndio watu wanaosoma sheria, wanaoandika barua, wanaosikilizwa katika vikao vya mitaa na kata. Wakinyamaza, ni nani atakayemsemea mchambua dagaa?

Wafanyabiashara waaminifu nao wasione kwamba wanasingiziwa. Wapo wengi, na baadhi yao hukopesha wagonjwa wasiowajua. Hao ndio watakaonufaika kwanza na kiwango cha sifuri na ubao wa bei, kwa kuwa leo wanashindana na mlanguzi gizani. Atakayechukia ni yule ambaye faida yake imetokana na mgonjwa kutojua. Huyo haonewi akiambiwa aweke bei yake mahali pa mwanga.

Jioni, mitumbwi ya Kirumba huondoka tena kwenda kulitafuta giza la ziwa, taa zikiwa tayari. Waliomo wanayategemea macho yao kurudi nchi kavu. Taifa lilikwisha kuwaahidi, kwa kalamu ya sheria, kwamba halitafanya biashara ya kodi juu ya macho hayo. Ahadi hiyo isipimwe kwa maneno yaliyoko katika jedwali la sheria. Ipimwe kwa bei iliyoandikwa kwenye chupa, dukani, siku ya mbalamwezi, mfuko wa mvuvi ukiwa mtupu. Bei hiyo ikiwa haijashuka, basi kodi haijasamehewa, na anayeilipa ni yule yule aliyekusudiwa kuokolewa.